Minazi Niliyopanda Bila Kuuliza

Mimi ni mtoto wa kota. Nililelewa kwenye nyumba za reli kule Tabora, ambako bustani yetu ilikuwa makopo matatu ya rangi yenye maua, mama akiyamwagilia maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo nilipopangiwa kufundisha Baleni, kisiwani Mafia, na bibi mwenye nyumba akanionyesha kipande cha shamba nyuma ya chumba changu, nilikaribia kucheza.

"Lima, mwalimu," alisema. "Mtu mzima mwenye mikono hanunui mhogo."

Babu yake alitoka Omani. Yeye, alipenda kusema, alitoka shambani. Ndiye aliyenifundisha vuli. Kipupwe kikiisha tulifyeka, tukakusanya majani makavu, tukatengeneza matuta kabla mvua haijaanza. Alinionyesha kukata miti ya mhogo vipande vya shubiri na kuipanda macho yakitazama juu. Mwaka wa kwanza nilifukia mingine kichwa chini, naye akacheka mpaka akakaa kwenye tuta.

Mwaka wa pili nikataka kumshukuru. Alikuwa ameenda Kilindoni kumtazama binti yake aliyejifungua, nami nikasema akirudi akute jambo. Nikaendesha baiskeli hadi Kanga, nikarudi na miche minne ya minazi. Nikachimba mashimo ya kina cha goti, nikatia majivu, na kwa kuwa mwalimu ni mwalimu, nikachomeka vijiti na kuvuta kamba ili mistari inyooke. Mvua ya kwanza ilipodondoka nikapanda, nimelowa, ninaimba.

Wapita njia siku ile hawakusimama kunitania. Hifadhi ya bahari ilikuwa imeshaanza, maboya ya mipaka yanaelea kule majini, na watu walikuwa wepesi kujiuliza wakimwona mgeni na kamba, kana kwamba anapima mipaka mingine. Mimi nikadhani wanakimbia mvua.

Jirani ndiye aliyenifungua macho. Alikuja jioni, akaitazama miche, akashika kiuno.

"Mwalimu, umefanya nini? Mpangaji hupanda mhogo, mwakani anang'oa, yamekwisha. Mnazi ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi si yake. Watu wanasema umeshaanza kujigawia shamba la mwenzio. Na mwana mkubwa wa bibi keshapata habari."

Chumba ningepata kingine, lakini yule bibi ningempata wapi? Alinipikia uji nilipougua malaria, alinifunika kwa kanga yake mwenyewe, na sasa angeniona mwizi. Nikakimbilia jembe ili niing'oe yote. Jirani akanishika mkono: "Ukiing'oa sasa, itakuwa unaficha. Msubiri mwenyewe."

Bibi alirudi baada ya siku mbili, mwanawe nyuma yake, uso umekunjwa. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba yake ilichelewa. Nikaeleza yote, makopo ya Tabora nikayaingiza pia, na nakiri kwamba nililia.

Bibi aliizunguka miche, kisha akaishika ile kamba.

"Na hii ya nini?"

"Ili minazi ikae kwenye mstari, bibi."

Alinitazama, akaitazama kamba, akaangua kicheko. "Yaa Rabi! Minazi yangu yote imekaa inavyotaka tangu enzi za babu, leo mwalimu anaipanga kama watoto wa darasa la kwanza!" Mwanawe alijitahidi kununa akashindwa.

Kisha bibi akaagiza jembe. Aliniamuru niutoe kila mche na udongo wake, na yeye, mbele ya mwanawe na jirani, akaurudisha shimoni kwa mikono yake na kuushindilia, ili asiwepo wa kuuliza aliyepanda ni nani. Mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne akanirudishia mimi.

"Huu panda wewe."

Mwanawe akafungua mdomo. "Nimesema," bibi akamwambia. Mwana akaufunga. Nikaupanda.

Niliondoka Mafia kwa uhamisho kabla mnazi ule haujazaa, na bibi alifariki baadaye, Mungu amrehemu. Lakini kila nazi zinapoanguliwa, mwanawe, yule yule wa uso uliokunjwa, hunipigia simu: "Mwalimu, zako hizi nimpe nani?" Hajawahi kuzichanganya na zake.

Safari hii nilimwambia nazi moja aiache iote. Kisha nikamwomba ruhusa, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo, nije vuli niipande kando ya ile minazi mitatu ya mama yake.

Nikasikia akipenga kamasi.

"Njoo," akasema. "Ila kamba yako iache huko huko."