Tulipongoja Maji Yawe Meupe

Nyinyi vijana, msinisome haraka kama mnavyosoma simu. Kaeni. Harufu ya rangi ya nguo inayochemka naijua kuliko ya uji, maana ndiyo iliyoniamsha mwaka ule mama alipokuwa akisuuza nyuzi kwa mtu mmoja aliyekuwa akitia nyuzi na vitambaa rangi, juu kidogo ya kwetu, karibu na mto Themi. Mfereji wetu ulipita nyuma ya mapipa yake, alipomwaga maji ya rangi. Leo mwekundu, kesho wa buluu, kesho kutwa kama chai. Sisi watoto tulikuwa na sheria yetu: ukikuta rangi, kaa ungoje. Ikishapita, maji yakawa meupe, chota.

Nilikwenda na mdogo wangu Naomi, mbishi, na kibuyu chake kidogo. Siku moja ya jua kali alikinga maji kiganjani, akanitazama.

"Dada, yameshakuwa meupe?"

"Meupe. Kunywa bwana, unanichelewesha."

Akanywa. Jioni tumbo likamshika, na Jumapili tukamzika pembeni ya migomba. Hakuna aliyetaja maji. Hata mimi. Tangu hapo nilikwenda mferejini peke yangu, nakaa palepale, nangoja, hata siku ambazo hapakuwa na rangi ya kungojea.

Juzi mjukuu wangu Neema, anayesoma kemia, alichuma majani ya mparachichi wangu, akayapika huko chuoni kwenye chombo kilichofungwa kabisa, akarudi na vichupa viwili vya maji ya kahawia. Anasema mna chembe za kaboni, ndogo mno. Akafunga madirisha ya jikoni, akavimulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Vyote vikawaka buluu. Kimoja akakidondoshea maji ya kisima, kikaendelea kuwaka. Cha pili akakidondoshea ya mfereji wetu uleule, ambako huko juu bado wanatia vitambaa rangi, maji meupe kabisa. Mwanga ukafifia.

"Huenda ni rangi iliyozima mwanga wa chembe, bibi. Nitapima tena. Ikiwa kidogo, jicho haliioni."

"Haliioni tangu lini?"

"Tangu zamani, bibi."

Nikatoka nje. Sisemi ndiyo iliyomuua Naomi, hilo sitalijua. Ila miparachichi ilikuwepo hata wakati ule, na mimi nilikuwa na macho tu.

Usiku huo niliwakusanya wa nyumbani, nikawaambia: asinywe mtu maji ya mfereji eti kwa kuwa mwenzake amesema ni meupe. Hata akiwa ni mimi niliyesema.