Gari la Kumpeleka Mwalimu

Dereva huyu watu walimwita Taratibu, na jina hilo hakupewa kwa kusifiwa. Walimpa madereva wenzake wa teksi, kwa sababu alipofika penye tuta alilipanda kama mtu anayepanda kitanda chenye mtoto aliyelala. Wao walicheka. Wagonjwa, lakini, walimpenda, na mwisho wa yote kazi yake ikawa hiyo: kuwapeleka hospitali na kuwarudisha, wenye miguu ya plasta, waja wazito waliokaribia kujifungua, wenye jicho moja limefungwa bandeji.

Mgonjwa wake wa kudumu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mrefu, mkavu, aliyebaki na sauti ya darasani ingawa mwili ulikuwa umemwisha. Figo zake zilikuwa zimegoma. Kila baada ya siku moja ilimbidi afike hospitali ya mji wa pili, ng'ambo ya mlima, alazwe kando ya mashine ya kusafisha damu. Na mashine ile haimngoji mtu. Ukichelewa, kitanda anapewa mwingine, nawe unarudi nyumbani na sumu yako mwilini.

Mwezi uliopita gari kuukuu la Taratibu lilikufa njiani na Mwalimu akakosa zamu. Kesho yake aliamka uso umevimba, pumzi inakuja kwa kubembelezwa. Daktari alimwambia Taratibu mbele ya mgonjwa mwenyewe, bila kuzunguka: "Akikosa tena, usije kuniuliza kilichompata."

Basi kununua gari likawa si jambo la hiari. Lililobaki ni kuchagua lipi, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Mke wake alitaka haibridi ya kawaida. "Linatia petroli kama magari ya watu," alisema huku akikuna nazi yake bila kuinua macho. "Umeme wake linajitengenezea lenyewe likipunguza mwendo. Mimi sitaki gari la kuliamkia kama mtoto mchanga."

Shemeji yake, fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, alimuunga mkono dada yake. Taratibu alipomuuliza habari za ile haibridi nyingine, ya kuchomeka, inayokwenda kwa umeme wa nyumbani kwanza na ukiisha ndipo injini ya petroli inaingia kazini, Spana alitikisa kichwa.

"Hiyo ni kuoa wake wawili, shemeji. Una injini, una betri kubwa. Moja ikinuna, nyingine inapata sababu."

"Na la umeme mtupu?"

"La umeme halina oili, halina plagi za injini, halina mkanda wa kukatika. Unataka nife njaa?"

Walicheka. Taratibu hakucheka sana, maana moyo wake ulikuwa umeshalala kwenye hilo la umeme mtupu, na sababu yake ilikuwa Mwalimu. Alipotoka kwenye mashine, mama yule alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Harufu ya petroli na mtetemo wa injini vilimtapisha njia nzima, mpaka Taratibu alijua kila mti ambao chini yake walishawahi kusimama. Siku muuzaji wa magari alipowazungusha yeye na Mwalimu kwenye gari la umeme, gari lilikwenda kimya kama paka, na walipogeuka nyuma walimkuta Mwalimu amelala, mdomo wazi. Taratibu hakuhitaji maelezo mengine. Muuzaji akampa gari akae nalo siku chache apate kulijaribu.

Sasa, nyumba ya Taratibu ilikuwa na sheria yake. Zamani umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza televisheni na nusura uchome pazia. Tangu siku hiyo mwenyewe akatangaza: anayekwenda kulala wa mwisho azime swichi zote za ukutani. Aliwakemea watoto kwa sheria hiyo mpaka wakaoa na kuolewa, wakaihamishia kwenye nyumba zao. Mke wake hata haikumbuki tena kama ni sheria. Kidole chake ndicho kinachokumbuka. Anapita jikoni, kidole kinagusa, taa ndogo nyekundu inazimika, mama huyo anakwenda zake kulala. Na usiku ule waya wa kuchajia gari ulipopitishwa dirisha la jikoni kama mkia wa mnyama, kidole kilifanya kazi yake vilevile.

Asubuhi Taratibu akachomoa waya, akauviringisha, akaondoka kwenda kumchukua Mwalimu. Hakutazama kiasi cha betri. Usimlaumu haraka. Gari lake kuukuu mshale wake wa mafuta ulikufa miaka mingi nyuma, naye alizoea kuendesha kwa kumbukumbu: jana nilijaza, basi mafuta yapo. Kile kioo cha vipimo mbele yake kwake kilikuwa pambo. Nilichomeka, alijiambia, basi limejaa. Na siku iliyotangulia alikuwa ameshinda akizunguka nalo kuwaonyesha watu.

Walikuwa wamekwisha kuuanza mlima, mashamba ya miti huku na huku, wala hakuna nyumba, ndipo kengele ilipolia ndani ya gari.

"Nini hicho?" Mwalimu akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Kengele tu, Mwalimu."

"Kengele najua, nimezipiga maisha yangu yote. Ya kuingia au ya kutoka?"

Taratibu akatazama kile kioo cha vipimo. Betri ilikuwa imebaki na kitu kama makombo. Akalisogeza gari pembeni, akampigia mke wake.

"Mama watoto, ile swichi ya jikoni, karibu na dirisha."

Sauti ikamjibu, ndogo: "Nilizima." Na tena, ndogo zaidi: "Nilizima, baba. Kama siku zote."

Hakumgombeza. Angegombeza nini, sheria ilikuwa ya kwake mwenyewe. Akampigia Spana. Spana alikuwa chini ya lori, upande wa pili kabisa wa mji. Alisema atatoka sasa hivi na kigari chake, lakini hata akiruka, atawakuta zamu imeshapita. Magari yaliyopita barabarani yalikuwa malori ya magogo, na mtu asiyeweza kupanda ngazi mbili hawezi kupandishwa huko juu.

Mwalimu alikuwa amesikia yote. "Nyuma ni nyumbani," alisema. "Mbele ni mashine. Unangoja nini?"

Wakaenda mbele. Taratibu akazima kiyoyozi, akazima redio, akazima kila kilichokubali kuzimika. Joto likaingia likakaa nao kama abiria wa tatu. Akakanyaga kwa ncha ya kidole cha mguu, kama anakanyaga yai. Lori likaja nyuma yao likapiga honi, likapiga tena, likawapita likiwaachia vumbi na tusi. Jasho lilimtiririka mpaka machoni na hakuthubutu kulifuta, utadhani hata mkono ukitoka kwenye usukani ungekula umeme.

Karibu na kilele, kwenye kioo pakatokea picha ya kobe, na gari likapoteza nguvu, likawa linapanda kwa kuomba radhi.

"Huyo kobe anafanya nini hapo?"

"Anasema gari limechoka, Mwalimu."

"Nilidhani wamekuchora wewe."

Hilo likawa neno lake la mwisho la mzaha kabla ya kufika. Walipovuka kilele na kuanza kuteremka, kobe akaondoka na betri ikajirudishia kidogo, maana gari la namna hii likiteremka linajikusanyia umeme kutoka kwenye magurudumu. Taratibu akapumua. Lakini alipotazama kwenye kioo cha nyuma alimwona Mwalimu ameegemea mlango, midomo imebadilika rangi, mkono umeshika kifua, pumzi zinapandana.

"Mwalimu."

"Endesha."

"Mwalimu, nisimame?"

"Nimesema endesha."

Kilichookotwa mlimani kikaliwa tambarare. Mji wa pili ukawapokea na foleni yake, mkokoteni wa maji hapa, basi linashusha pale. Kobe akarudi. Wakapita kwenye maduka ya dawa, lango la hospitali likaonekana, mlinzi akaonekana, hata kofia yake. Hapo gari likasimama. Halikukohoa, halikutetemeka. Lilinyamaza tu, kama mtu aliyekatizwa katikati ya maneno.

Taratibu alitoka mbio. Mlinzi aliyemfahamu akamshangaa. "Leo wewe ndiye unayekimbia?"

"Kiti, ndugu yangu. Kiti cha magurudumu."

Wakampakia Mwalimu wakisaidiana. Taratibu akasukuma, na tuta la langoni alilipita bila kuliona; Mwalimu aliruka kitini akaguna, naye hakusimama kuomba samahani. Chumba cha mashine walimkuta muuguzi ameshatandika shuka mpya, na mzee mmoja wa watu, wa orodha ya wanaosubiri nafasi, amekaa ukingoni mwa kitanda ameshavua viatu. Muuguzi akamtazama Mwalimu, akamtazama mzee. Mzee akainama, akavaa viatu vyake, kimoja, kisha kingine, akarudi kwenye benchi. Taratibu hakuweza kumtazama usoni. Alisikia mashine ikianza kuzunguka ndipo akakaa sakafuni ukumbini.

Muuzaji alipopigiwa simu alijitetea, na alikuwa na haki. "Mzee, gari halikukosea. Kosa ni swichi."

"Kweli, kijana. Lakini swichi ni ya nyumbani kwangu, na kidole ni cha mke wangu. Nimekaa nacho miaka thelathini. Gari ndilo nitakalobadilisha."

Gari lilivutwa hadi gereji ya jirani likachajiwe. Kuwarudisha nyumbani alikuja Spana na kigari chake chenye kunuka petroli kama kopo la mafuta. Dada yake alikuwa amekuja naye, amekaa mbele, macho mekundu. Alitaka kusema neno, Mwalimu akamwinulia mkono kama anavyonyamazisha darasa. "Mwanangu, mimi nipo. Ongea kesho."

Taratibu alikaa nyuma, amemshikia Mwalimu mfuko. Kabla hawajamaliza kupanda mlima Mwalimu alikwisha kutapika mara ya kwanza. Spana aliendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha maishani, na hakuna aliyemtania.

"Umeamua lipi?" Mwalimu akauliza, mtandio puani.

"Hao wake wawili wa Spana. Haibridi ya kuchomeka." Alisema polepole, maana alikuwa akilipanga humo humo njiani. "Umeme wake nitauweka akiba. Kwenda, wewe ukiwa bado na nguvu, tutapanda kwa petroli. Kurudi, nikulaze kwa umeme."

"Matengenezo kwangu," Spana akasema mbele, lakini kwa sauti ya upole.

"Na mkeo akizima?" Mwalimu akauliza.

Mama watoto akageuza uso dirishani.

"Akizima, tutanguruma kwa petroli kwenda na kurudi," Taratibu akajibu. "Utanisamehe."

Mwalimu akafumba macho, akakiegemeza kichwa begani pa Taratibu.

"Nitatapika," alisema. "Lakini nitakuwa nimefika."