Bega la Fundi Rangi na Kete ya Mwisho

Mume wangu ni fundi rangi. Alipopasuliwa bega la kulia, daktari alisema kazi ndiyo iliyomchana msuli. Mimi najua ni dhumna. Miaka ishirini anabamiza kete kwa mkono huohuo, na kibarazani kwetu kete isiyobamizwa haihesabiwi.

Daktari wa mazoezi, binti mpole wa sauti ya chini, alimuuliza anataka mkono urudi kufanya nini.

"Dhumna," akasema.

"Hiyo rahisi, baba."

"Mwanangu, hujamwona anavyocheza," nikamwambia, nikambamizia meza yake. Kalamu zikamwagika chini. Binti akaziokota, kisha akatoa amri: wiki sita asiinue mkono kupita kifua, wala asibamize kitu. Msuli ukichanika tena, atarudi kupasuliwa.

Basi nyumbani nikakoma. Zoezi lake lilikuwa kutembeza vidole ukutani, taratibu, mpaka usawa wa kifua. Akifika hapo anasimama, anakagua. "Nani kapaka ovyo hivi?" Alipaka mwenyewe. Akimaliza ukuta ananifuata jikoni kunifundisha kuosha sahani.

Wiki ya nne uzalendo ukanishinda, nikampeleka kibarazani, nami nikaketi ubavuni kama askari. Shemeji, mdogo wake, alikuwa amekikalia kiti chake wiki zote hizo.

"Karibu, mgonjwa," akasema, akainuka nusunusu.

Mume wangu akacheza kwa kuweka kete polepole, kama anayelaza mtoto. Shemeji akaanza kutoka jasho. Kumbe miaka yote walikuwa wanamsoma kwa kishindo: akiwa na kete nzuri meza inalia, akiwa na mbovu anagusa tu. Sasa kimya. Akashinda mara mbili, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Mchezo wa tatu akabaki na kete moja, ya ushindi. Kibaraza kizima kikamtazama. Mkono ukaanza kupanda. Ukafika kifuani, ukapita.

Mtu huyu nimemwogesha, nimemfunga vifungo vya shati, nimemkatia nyama sahani kwa sahani. Nilichoka naye na nilimwonea huruma, vyote pamoja. Nikampokonya ile kete, nikaibamiza mimi. Vikombe vikaruka.

Shemeji akakisimamisha kikombe chake. "Imehesabiwa," akasema, akahama kiti cha kaka yake.

Jumatatu tulikuwa tena kwa yule binti. Akalipapasa bega la mume wangu, akaridhika. Kisha akaona kiganja changu kilivyovimba.

"Mama, na wewe umefanya nini?"

"Dhumna," nikasema.