Mchanga wa Mama Vidole

Mke wangu alikuwa msusi. Wateja walimwita Mama Vidole, kwa sababu vidole vyake vilijiendea vyenyewe kichwani mwa mtu huku macho yake yako kwingine. Yalikuwa kwa samaki.

Saluni ilikuwa chumba chetu cha mbele. Kioo kirefu, viti viwili, drya ya kuvaa kichwani. Pembeni, juu ya meza niliyomjengea kwa matofali, tangi la vioo lenye maji ya chumvi. Liliachwa na mteja aliyehama. Alikuja kusukwa mara ya mwisho, akasema, "Mama Vidole, kulibeba siwezi, na kuwamwaga hawa roho haitaki." Mke wangu alimkubalia kwanza, ndipo akaja kuniuliza. Ndivyo alivyokuwa.

Walikuwa samaki wawili, weupe, wembamba, wa manjano kichwani. Kazi yao moja. Wanainama, wanajaza mchanga mdomoni, wanatafunatafuna, mchanga unamwagika kwenye mashavu. Wanasogea kidogo, wanainama tena.

Mimi ni fundi wa lipu. Nilikuwa nachekecha mchanga tangu asubuhi, nikirudi jioni nakuta wateja wananingoja.

"Shemeji, wenzako wameshachekecha mchanga wa nyumba nzima. Wewe umefika wapi?"

"Wao hawasimamiwi," nawajibu.

"Nani kasema? Msimamizi wao si huyu anayening'oa nywele?"

Mke wangu anacheka na kitana mdomoni. Kucheka kwake kulikuwa mabegani tu, bila sauti.

Siku moja samaki mmoja aliruka nje. Tulimkuta nyuma ya drya, amekauka. Siku ile mke wangu alisuka mpaka jioni, macho yake yakiwa kichwani mwa mteja. Mimi nikakata wavu wa plastiki, nikaugongea fremu ya mbao, nikafunika tangi. Akaubonyeza kwa kiganja.

"Huyu sasa haendi popote," akasema.

Asante hakunipa. Alinipashia maji ya kuoga.

Yule aliyebaki hakuacha kazi. Mke wangu naye hakuacha, hata miguu ilipoanza kuvimba. Kila mtu alisema ni kusimama, msusi gani hasimami. Haikuwa kusimama. Ulikuwa moyo. Aliingia hospitali kwa miguu yake, tukamtoa tumembeba.

Mdogo wake alikuja kukaa nami wakati wa msiba. Ni mtu wa kazi, hawezi kuona vumbi akalala. Alisugua sakafu, akafua mapazia, akafika kwenye tangi. Mchanga ulikuwa wa kahawia, kioo cha tangi kina ukijani.

"Shemeji, dada hangekubali watu wakute uchafu huu. Mchanga huoshwaje?"

Hapo alikuwa amemuuliza fundi. Mchanga wa lipu ukiwa na tope, ukuta unapasuka. Nikamwambia tuuoshe kwa maji ya bomba mpaka yatoke meupe. Samaki tukamweka kwenye ndoo, na maji yake mwenyewe. Tukaosha, tukakoroga, tukamwaga, tukaosha tena. Kisha tukachanganya maji mapya na chumvi yake ya pakiti, kama nilivyomwona mke wangu akifanya. Mchanga ukarudi tangini umekuwa kama sukari. Tulisimama tukautazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kufurahia kitu.

Samaki akainama, akaanza kuchekecha.

Alichekecha sana, kuliko zamani. Lakini alianza kupungua. Tumbo likaingia ndani, kichwa kikaonekana kikubwa. Nilidhani ni majonzi. Nikamwelewa. Nikavuta kiti cha wateja, nikawa nakaa naye.

Mwanafunzi wa kwanza wa mke wangu ana saluni yake mtaa wa pili. Aliingia kwetu binti mdogo, sasa ana watoto wakubwa, ila kwangu bado ni binti. Alikuja kuniona. Kabla hajakaa, akainamia tangi.

"Baba, mchanga huu umefanywaje?"

"Tumeuosha."

"Kwa maji ya bomba?"

"Mpaka yakatoka meupe."

Akaweka mkoba chini taratibu. "Baba, huyu hali mchanga. Anakula vidudu vinavyoishi humo, vidogo, huvioni. Mama alivilea miaka yote. Maji yasiyo na chumvi yameviua."

"Mbona anachekecha kutwa?"

"Anatafuta."

Mambo haya mke wangu aliwaeleza wateja kila siku. Mimi nilikuwa uani, natoa saruji kwenye kucha.

Tulimkatia kamba wa baharini, vipande vidogo kabisa. Akachukua kipande kimoja, akakitema pamoja na mchanga.

"Kwenye tangi langu upo mchanga wa Mama," akasema yule binti. "Nilipofungua saluni aliniletea bakuli zima, akaniambia nisithubutu kuuosha. Nitakuletea. Ila vidudu mpaka vizaliane vijae ni miezi, baba. Huyu hana miezi. Inabidi aje kwangu."

Nikatazama chumba. Kioo cha saluni tumekifunika kwa shuka. Drya imechomolewa. Katika nyumba ile samaki peke yake ndiye aliyekuwa bado anafanya alichokuwa akifanya mke wangu alipokuwa hai. Akiondoka yeye, nabaki na viti.

"Niachie nifikirie," nikasema.

"Fikiria, baba. Lakini usifikirie sana."

Usiku nilikaa mbele ya tangi. Akainama, akajaza mdomo, akatafuna, akamwaga. Akasogea. Akainama tena mahali palepale pa mwanzo.

Asubuhi nilichota maji yake kwenye ndoo, nikamtia, nikafunika kwa ule wavu wangu. Nilitembea polepole. Fundi anajua kubeba ndoo bila kumwaga.

Tangi la yule binti lilikuwa chafu, mchanga wa kahawia, ukijani kwenye kioo. Kama letu lilivyokuwa. Tulimshusha samaki taratibu. Alijibanza pembeni. Kisha akainama, akajaza mdomo, mashavu yakaanza kazi. Safari hii alikawia kumwaga. Akainama papo hapo, akajaza tena.

Mteja mmoja chini ya drya akaniangalia. "Mzee, mbona unamlilia samaki?"

"We, nyamaza," yule binti akamwambia. "Inamisha kichwa."

Wavu nimeuacha kule. Nilirudi nyumbani na bakuli la mchanga ule wa kahawia, nikautandaza juu ya ule mweupe kwa mkono wangu, kama ninavyotandaza lipu. Pampu ya hewa sikuizima.

Juzi yule mdogo wa mke wangu alikuja kunitazama. Akasikia mngurumo, akasogea, akatazama ndani ya tangi.

"Shemeji, si samaki umeshampeleka? Unafuga nini humu?"

"Mchanga."

Alikaza macho muda mrefu.

"Mbona sioni kitu?"

"Hata mimi sioni," nikamwambia.