Jimi Alikuja Kwetu Akiwa Mzee

Iko asubuhi moja, mjukuu wangu, ambayo mpaka leo naiona wazi. Nilikuwa nimeolewa juzi juzi, tunaishi Mwakirunge, mume wangu Karisa akivunja mawe machimboni, nami nikifanya kazi ya nyumba kwa mzee mmoja mjane kule Shanzu. Mzee alifariki, na asubuhi hiyo wanawe walikuja kufunga nyumba. Kila kitu kilipata wa kukichukua isipokuwa mbwa wake, Jimi, aliyeota mvi mdomoni na mwenye mguu mmoja wa nyuma mzito. Wakasema daktari wa mifugo angekuja kumdunga sindano afe bila maumivu.

Nikawaambia huyu naenda naye kwangu. Nilimfunga kamba, nikaomba lifti kwenye lori lililokuwa likirudi machimboni tupu, tukapanda.

Nyumbani Karisa hakufurahi. Alikuwa ameshaahidiwa mtoto wa mbwa, amlee mwenyewe awe mkali, alinde mbuzi. Hakuwa mtu mbaya, bibi yako nakwambia kweli. Alinena kwa upole tu, kwamba huyu amekwisha, atakula na kazi hawezi, kesho nimrudishe nilikomtoa.

Mavyaa yangu, mama yake Karisa, alikuwa ameketi mlangoni. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kulia, na tangu atoke hospitali hakuwa amevuka kizingiti ila kwa kubebwa. Maneno yalimtoka kwa taabu. Siku hiyo aliyatafuta mpaka akayapata.

"Na mimi, Karisa? Mimi utanirudisha wapi?"

Karisa aliketi chini karibu na miguu ya mamake. Aliponyanyuka aliniambia nimtafutie mbwa chombo cha maji.

Usidhani mambo yalinyooka hapo. Jimi alilala akitazama njia tuliyojia, chakula hakigusi. Majirani walipita wakicheka, wakanishauri nimwachilie aende zake. Nilikataa. Nilijiambia, kama atakufa, atafia kwenye nyumba ya watu wanaomjua jina. Kila jioni nilikaa karibu naye nikichambua mchicha, simshiki, simsemeshi. Kisha nikakumbuka kuwa marehemu alikuwa akimlowekea ugali kwa mchuzi wa samaki. Nikafanya vivyo hivyo, naye akala.

Muda si muda, mavyaa alishika fimbo akasema anataka kwenda msalani mwenyewe. Niliinuka kumshika, akanikataza. Jimi ndiye aliyeinuka pale alipokuwa amelala, akasimama upande ule dhaifu wa mavyaa, wakaenda pamoja. Mavyaa akisimama, Jimi naye anasimama. Alikuwa ametembea miaka mingi na yule mzee wa Shanzu na mkongojo wake, mwendo ule aliujua. Mbwa mchanga angemzongazonga miguuni amwangushe.

Toka hapo walitembea kila asubuhi, kwanza uani, kisha hadi kwa jirani. Jumapili ya kwanza mavyaa alipofika kanisani kwa miguu yake, watu walisimama, na Jimi akalala mlangoni hadi ibada ikaisha.

Hatukukaa naye sana. Alipokufa, Karisa hakwenda kazini. Alichukua sururu yake ya machimboni, akamchimbia kaburi kando ya shamba la mahindi, refu kuliko haja, mamake akiwa amesimama pembeni kwa fimbo yake.

Sasa wewe unataka mbwa, na watu wanakuambia uchukue mdogo. Ukitaka mdogo, si kosa. Lakini yule mbwa mzee aliyeachwa na majirani zako waliohama, usimpite kwa sababu ya mvi zake. Tabia yake imeshaonekana, huna haja ya kubahatisha. Uliza alikuwa akila nini, akitembea na nani, akiogopa nini. Mpe muda wa kuwalilia watu wake. Jua pia kwamba atakutoka mapema, na uchukue jukumu hilo ukilijua. Ukishamwingiza kwako, mwanangu, usimrudishe, hata dunia nzima ikucheke.

Mungu akupe moyo usiochoka na wanyonge. Na siku nguvu zako zitakapopungua, akuweke kwenye nyumba ambayo hakuna atakayeuliza una kazi gani. Amina.