Kiti Kisichoona Jukwaa

Alkhamisi, katikati ya Januari. Kutwa mawingu, mvua inatishia wala haiji, na upepo unayatikisa madirisha ya Darsait kama mtu anayegonga mlango akakimbia.

Enzi zetu sisi, tuliozaliwa Unguja tukaja kuzeekea huku Uarabuni, mtoto akiwa na siku yake ya kusimama mbele za watu, usiku wake halali usingizi, na mamaye halali. Hayo nimeyakumbuka leo tangu alfajiri, maana mjukuu wangu Nasra kaamka sauti imemkauka.

Nieleze vizuri, nisije nikawachanganya. Nasra ana miaka tisa. Skuli yao ilichaguliwa kutoa watoto wa kuimba pamoja na Wataliana waliokuja kwenye jumba la opera, michezo ya kuigiza kwa kuimba, na katika watoto wote yeye kapewa ubeti wake peke yake, wa kumjibu malkia wa mchezo huo. Mwalimu wake alimwambia binti yangu Zuwena, mamaye Nasra, kwamba ikiwa jioni sauti haijarudi, ubeti ataimba mtoto mwengine, Leila, naye kaujua vilevile. Sina la kulaumu. Watu wametoka Ulaya na masanduku yao, hawawezi kulingoja koo la mtoto wa Darsait. Lakini kumuona pale mezani, uji umepoa mbele yake, ananong'ona!

"Bibi, utakuja hata kama ataimba Leila?"

"Nitakuja."

"Na kama ni mimi, utajua?"

"Sasa mie nisikujue weye?"

"Basi nikiimba uniangalie. Usiangalie wale wakubwa. Mimi tu."

Nikamwambia, inshaallah nitakuangalia. Kumbe nimejitia kwenye mtihani, kwa sababu mie sikulelewa hivyo. Sisi hatukuangaliwa.

Nakumbuka chuo chetu cha Kurani Kikwajuni, mikeka imechakaa mpaka inachora miguu, Maalim na bakora yake ambayo, kwa haki, aliinyanyua zaidi kuliko alivyoishusha. Tukitoka chuoni tunavua viatu tunacheza nage mpaka magoti yote vumbi, au tunakaa barazani na mdako, vijiwe vimelainika kwa mikono yetu. Mfukoni una ubuyu, ulimi mwekundu, ukifika nyumbani huna pa kukanushia. Na jioni mtaa mzima unanuka kitu kimoja, moshi wa kuni na vitunguu vinavyokaangwa, hujui nyumba gani inapika nini mpaka uingie.

Ulipofika Mfungo Sita ndio mambo. Maulidi ya chuo. Tunafunzwa kasida wiki nyingi, na mmoja mmoja anapewa kipande chake. Mwaka huo nikapewa mie. Mama akanivisha mtandio mweupe, akanitia asumini kwenye nywele, halafu, pale nilipojiona nimekuwa bibi harusi, akapitisha kidole chini ya sufuria akanipaka masizi nyuma ya sikio. Jicho la mtu likija likukute una doa, ndivyo walivyosema. Sijui kama yana asili ya dini au ni yetu wenyewe. Mie si msomi, darasa la saba niliishia mlangoni, siwezi kutoa fatwa.

Nikaitwa. Nikasimama katikati ya udi na marashi, nikautafuta uso wa mama kwenye mkeka wa wanawake. Nikawaona jirani zetu wote. Nikamuona mpaka yule bibi aliyekuwa akitufukuza kwenye mpera wake, ananichekea. Mama hayupo. Nikaanza kuimba huku macho yanazunguka, nikameza neno, nikavuta pumzi, nikamalizia sijui vipi.

Nilimkuta uani, nyuma ya sufuria la pilau, kanga kaifunga kibwebwe, macho mekundu. Moshi au si moshi, siwezi kuapa.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Nimekusikia."

"Hukunitazama!"

"Wakutazame wenzangu. Mwana wako akisimama mbele za watu, weye mama mtu usimkodolee. Weye msikilize. Ulimeza neno pale katikati, ukapumua, ukenda mbele. Haya njoo ule ukoko."

Nikaula ukoko na kununa juu. Na kwa miaka mingi, Mungu amrehemu, nilidhani ni maneno tu ya mtu aliyezidiwa na masufuria.

Sasa leo. Alasiri nikataka kumpaka Nasra masizi, nikabaki nacheka peke yangu. Kwenye jiko la gesi masizi utayatoa wapi? Sufuria zetu zinang'ara chini kama vioo. Nikachukua wanja nikampaka nyuma ya sikio. Khalfan, mkwe wangu, akaniona.

"Mama, hizo khurafa, hazimo katika dini."

"Huenda. Washa gari."

Akacheka. Yeye ndiye aliyetupeleka, njiani anaangalia mawingu juu ya milima anaogopa wadi isije ikajaa maji ya mvua ikafunga njia, halafu akarudi mtaa wa Ghala kwenye karakana yake maana gari la mtu lilikuwa limefunguliwa injini. Zuwena akaingia na Nasra mlango wa nyuma, mwalimu amsikilize ndipo aamue nani ataimba; wazazi wa kuwavisha watoto wanaruhusiwa. Nikabaki mie na tiketi yangu.

Lile jumba nimelipita mara ngapi kwa gari. Kuingia ni kitu chengine. Marmar nyeupe, taa kama mvua iliyogandishwa, waume na vilemba vyao vimekaa sawasawa, wanawake wananukia udi ule wa gharama. Na kwenye ngazi kila mtu anapiga picha. Vijana wa siku hizi, mtoto akipiga chafya ishapigwa video, na video ishafika kwa shangazi yake Nizwa kabla hajafutwa pua. Lakini nisidhulumu: na mie nilimwomba msichana mmoja anipige picha pale ngazini, nikamwomba anipige tena kwa sababu nilifumba macho.

Kiti changu kilikuwa juu kabisa, pembeni, viti vya bei ndogo. Nikakaa, nikatazama, naona nusu ya jukwaa. Nusu nyengine imekatwa na ukuta. Kijana anayeonyesha viti, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi mpaka inakata, nikamuuliza kwa Kiarabu kama kiti kimekosewa. Akaisoma tiketi kwa adabu, akaniita khala, yaani mama mdogo. "La, khala, ndicho hiki. Imeandikwa hapa kwamba upande mmoja hauonekani." Kweli imeandikwa, maandishi madogo. Si kosa lake, wala si kosa la Zuwena aliyenunua, nani anasoma maandishi madogo.

Nikajisemea, basi watoto wataingia upande huu ninaouona. Kwa nini waingie ule?

Jirani yangu alikuwa msichana wa Kikenya, Wanjiru, anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli. Aliposikia Kiswahili changu nikimlalamikia ukuta, akafurahi kama tumekutana jangwani.

"Shosho, mjukuu wako anaimba hapa? Na hujaambia watu wote?"

Shosho kwao ndiyo bibi. Nikaridhika. Nikamweleza habari ya koo, na Leila, na ahadi niliyoitoa.

"Usijali. Kiti yangu inaona vizuri kushinda yako. Nitakuwa macho yako."

"Lakini weye humjui Nasra."

Akanigeukia. "Eh. Hiyo sasa ni shida."

Taa zikazimwa. Mgongoni mwa kiti cha mbele kuna kioo kidogo kinachofasiri maneno kwa Kiarabu, nami nasoma polepole, nikimaliza mstari wao washakwenda mistari miwili mbele. Nilichofahamu, malkia kapoteza mtoto, anamtafuta kijiji kwa kijiji. Yule mama ana sauti, jamani. Hana kipaza sauti, nimeambiwa, na huku juu kabisa inakufikia mpaka kifuani. Lakini siwezi kusema niliifurahia. Kila mlango ukifunguka pale jukwaani nasema hao, kumbe askari. Nikawa nasoma moyoni kila ninachokijua, nikirudia, nikisahau nimefika wapi, nikianza upya. Nikaanza na kujishutumu. Uji asubuhi niliupika mzito. Jana nilimwachia dirisha wazi. Na ule wanja, pengine ndio uliompunguzia baraka, pengine kinyume chake.

Kisha watoto wakaingia. Nilijua kwa kusikia vile viatu vidogo vingi, na watu wa chini wakaguna kwa furaha. Mimi naona ukuta.

"Wametoka, shosho," Wanjiru kaninong'oneza. "Wako wengi. Wote wamevaa njano, na vikofia."

"Mmoja mwembamba, ana shingo ndefu?"

"Wote ni wembamba. Ni watoto."

Nikainama mbele. Nikainama zaidi, kidevu kwenye mgongo wa kiti cha mbele. Naona kofia moja tu ya mwisho, na mkono. Kijana wa viti akaja na kitochi chake, akachuchumaa. "Khala, tafadhali egemea nyuma, waliopo nyuma yako hawaoni." Ni haki yao. Walilipia kama mimi. Nikaegemea nyuma.

"Kuna kamoja kanasonga mbele," Wanjiru akasema. "Ndiye huyo?"

"Mie nitajuaje?"

"Na mimi nitajuaje?"

Hapo ndipo tulipokwama, yeye anaona hajui, mie najua sioni. Malkia akauliza swali lake, muziki wote ukanyamaza. Watu wote wale, marmar yote ile, kimya. Na kimya kile kikakaa. Kikapitiliza. Mtu akakohoa chini. Nikasema kimoyomoyo, kama ni Leila, Mola amsaidie naye ana bibi yake. Na nilikusudia, ingawa moyo ulinuna.

Halafu nikaisikia. Si sauti. Kabla ya sauti. Pumzi imevutwa kwa pua, fupi, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, kama mtu anayenusa mandazi. Pumzi ile naisikia kila magharibi mie niko jikoni, yeye yuko ukumbini anamsomea mamaye Juzuu yake. Sijawahi kuifikiria hata siku moja. Sikujua kwamba naijua.

Nikafumba macho. Na sauti ikaja, nyembamba, mkwaruzo bado uko pembezoni, lakini imesimama. Ikapanda. Pale katikati ikatetereka, ikashika tena, ikenda mbele. Nikamshika Wanjiru mkono, nafikiri nilimuumiza.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Umejuaje, na umefumba macho?"

Nilikuwa niko uani Kikwajuni, nyuma ya sufuria, moshi usoni, namsikiliza mtoto mwenye mtandio mweupe anameza neno.

Mwisho watu walipiga makofi, na Wanjiru akapiga mluzi mpaka kijana wa viti akageuka. Nje nilikutana na Zuwena na Nasra, tukamkuta Khalfan kaegesha, mikono bado ina grisi, mvua haijanyesha. Nasra akaingia ndani ya gari ananong'ona tena, sauti keshaimaliza.

"Bibi, uliniangalia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Zuwena alinikonyeza nimwambie ndiyo. Lakini mtoto aliniuliza, na huyu kesho atanijua.

"Sikukuona, mama. Kiti kilikuwa na ukuta."

Uso ukamwanguka. Nikaujua uso ule, nishauvaa.

"Lakini nimekusikia. Ulivuta pumzi kwa pua, ndo nikajua si Leila. Pale katikati sauti ilitaka kukukimbia, ukaikamata."

Akanitazama. Akafikiri. Taa za barabarani zinampita usoni.

"Hukuona kabisa?"

"Kabisa."

"Hata kiatu?"

"Kiatu gani?"

"Kiatu kilinitoka! Niliimba na soksi!"

"Wallahi sikuona."

"Afadhali," akasema, akaniegemea begani. Baada ya kidogo akauliza, "Umesikia mpaka pumzi?"

"Mpaka pumzi."

Akautia mkono wake mkononi mwangu, hakuutoa mpaka Darsait.

Siku hizi mtoto anaangaliwa mno, simu kumi zimemwelekea, na sisemi kwamba ni vibaya, huenda sisi tulikosa kitu. Mimi niliutaka ule uso wa mama kwenye mkeka, na bado nautaka. Lakini nani siku hizi anamsikiliza mtoto akiwa amempa mgongo? Ningelipenda kumwambia mama kwamba ni kweli, inasikika kutoka jikoni. Nimechelewa tu.

Tulipofika nikaenda kukoroga uji, safari hii mwepesi, na pilipili manga. Ukumbini Khalfan alikuwa anamwomba mtoto amwimbie kidogo tu, baba hakuwepo, na Zuwena anamkataza, mwache koo lipumzike. Nikaisikia ile pumzi ya pua. Sikugeuka. Niliendelea kukoroga, nikasikiliza mpaka mwisho.

Tumekula mikate ya jana na dengu za nazi, Khalfan na papa wa kukaanga juu yake, na Nasra uji mtupu, bakuli mbili.