Ndege wa Kilima Kisicho na Miti

Mimi ndiye niliyemponza yule ndege, tena kwa kujisifu.

Mvua zilikuwa zimeanza. Nilikuwa natoka ziwani Tshangalele kununua samaki, nikakata njia juu ya kilima cha nyasi tupu. Ndege mdogo akaruka mbele ya miguu yangu, koo lake rangi ya waridi. Nilimtambua papo hapo. Zamani kidogo nilimbebea mizigo mtafiti mmoja aliyemsaka ndege huyo huyo wiki nzima, akaondoka mikono mitupu. Na mimi, mtu wa samaki, nimemwona! Chini ya fundo la nyasi kulikuwa na kiota, makinda watatu wamepanua midomo. Nilifurahi kupita kiasi. Sikuwagusa.

Jioni nikamsimulia kaka yangu mkubwa, mchimbaji kwenye machimbo ya Kamatanda. Alikuwa anakula, hana habari na mimi. Ghafla akainua kichwa.

"Kule kilima, miti haiko?"

"Haiko, yaya," nikamjibu kaka. "Majani tu."

"Na maua?"

"Iko. Ya bleu, kidogo-kidogo."

Akaacha kula. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Mji wetu mzima wa Likasi unajua kwamba shaba ikilala karibu na uso wa ardhi, miti haioti, huota nyasi na maua yale ya buluu. Nimezaliwa humu, nimekulia humu, na bado mdomo ulitangulia akili.

"Yaya, ngoja kwanza. Wiki mbili tu, batoto ya ule ndeke baruke."

"Weye! Juu ya ndeke? Tukikawia, bengine batatutangulia."

Alfajiri walikwenda watu kumi na wawili na machepe. Wa kumi na tatu nilikuwa mimi. Ningependa kusema nilikwenda kukilinda kile kiota, lakini sikuwa na kazi, na nilijua nikibaki nyumbani sitapata hata jiwe. Niliwaomba waanzie upande wa pili. Wakacheka. Kaka akanionyesha mahali pa kumwaga udongo, nikamwaga. Nilijua vizuri kilichokuwa pale chini. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Mama wa makinda alirudi na panzi mdomoni. Akatua juu ya lundo langu, akatembea huku na huku, akasimama, akatembea tena. Mchana, tulipokaa kula, bado alikuwa na yule panzi mdomoni.